Mtoto Mgonjwa wa Akili Alazwe Wapi?

Leo tuzungumzie jambo ambalo katika nyumba nyingi husemwa kwa kunong'ona. Mtoto akiugua akili hata ikabidi alazwe, alazwe wapi?

Tuchukue mfano wa kufikirika wa familia moja ya Tunduma. Kijana wa miaka 15, mwanafunzi wa sekondari, ameacha shule. Usiku halali, anaongea peke yake, na chakula cha mama yake hali kwa kuwa anaamini kimetiwa sumu. Majirani wengine wanasema amerogwa, wengine wanasema ni bangi. Usiku anapotishia kujiua, wajomba wanaleta kamba. Wanampenda, lakini hawajui pa kumpeleka.

Njia iliyopo ni ya kupanda ngazi. Ataanzia kituo cha afya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa huko Vwawa, na ikishindikana Mbeya, mwendo wa kilometa kama 100 kutoka Tunduma. Mwisho wa ngazi ni Mirembe, Dodoma, safari ya zaidi ya kilometa 600. Kila anapopanda, anazidi kuwa mbali na mama yake. Na mama huyo anauza ndizi mpakani. Akifunga biashara kwa wiki mbili, watoto waliobaki nyumbani watakula nini?

Mpango huu una historia. Mathari ya Nairobi ilianza mwaka 1910, na Mirembe mwaka 1927. Wakoloni walizianzisha kwa fikra za siku zile, kwamba mwenye kichaa aondolewe mitaani akatunzwe mahali pake. Baada ya uhuru Tanzania ilianza kusogeza huduma karibu na wananchi. Katika miaka ya 1980 mpango wa majaribio uliendeshwa Kilimanjaro na Morogoro, ambako watumishi wa ngazi za chini walifundishwa kutambua na kutibu magonjwa ya akili. Hata hivyo, hospitali zetu nyingi bado hazina wodi ya akili ya watoto peke yao.

Hapo ndipo kijana wetu anapokwama. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Lakini wodi ya watoto inamwona mkubwa, na wodi ya wagonjwa wa akili imejaa watu wazima. Na yeye si wa peke yake. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa katika kila vijana 7 wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili, na kwamba nusu ya matatizo hayo huanza kabla ya miaka 18.

Kuna ubaya gani akilazwa na wakubwa? Kwanza, ni usalama wake, hasa usiku. Pili, mtoto si mtu mzima mdogo. Malaria iliyopanda kichwani au kifafa huweza kuonekana kama kichaa, na dozi ya dawa hutegemea umri na uzito. Tatu, mtoto bado anakua. Akikaa miezi bila mzazi wala daftari, atapona ugonjwa akute wenzake wamemwacha.

Basi kupanga upya huduma hizi maana yake si kujenga Mirembe nyingine kila mji. Vyumba viwili vitatu katika hospitali ya mkoa vingeweza kutosha kuanzia: wavulana mbali na wasichana, nafasi ya mzazi kulala, muuguzi aliyesomea afya ya akili, na dawa zisizokatika. Mtoto akae siku chache kadiri inavyowezekana. Akitoka, barua imtangulie kwenye kituo cha afya cha kwao, na mwalimu wake aelezwe namna ya kumpokea. Kanda na Taifa wabaki na wale walio mahututi zaidi.

Wenzetu wenye fedha nyingi nao wamekumbana na tatizo hili. Uingereza watoto walikuwa wakipelekwa mbali, popote kilipopatikana kitanda. Kuanzia mwaka 2020 hospitali za eneo moja zilianza kukabidhiwa kwa pamoja fedha na dhamana ya wagonjwa wa eneo lao, ili kinachookolewa kwenye vitanda vya mbali kitumike karibu na nyumbani. Lakini kuna tahadhari. Italia ilipitisha sheria ya kufunga hospitali kubwa za akili mwaka 1978, na pale ambapo huduma za mitaani zilichelewa, mzigo uliangukia familia. Kupunguza vitanda kabla ya kuandaa huduma nyumbani ni kuirudisha ile kamba.

Songwe ni mkoa mchanga, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na bado unajenga. Madiwani wanapopitisha bajeti, waulizwe: chumba cha mtoto huyu kiko wapi katika ramani? Nasi wazazi, mtoto akibadilika tabia ghafla, akikosa usingizi au akitaja kifo, tusingoje mpaka majirani wajae uani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Tumpeleke kituo cha afya asubuhi hiyo hiyo, angali anaweza kutembea kwa miguu yake.