Mvua ya Kwenu si Mvua ya Kwao

Leo napenda kuwaeleza jambo liwapotezealo wakulima wengi mbegu zao, nalo ni kudhani kwamba majira ya mvua ni mamoja katika nchi yote.

Tumfikiri mtu wa Tanga aliyehamia Dodoma. Kwao alizoea masika, ianzayo Machi na kwisha Mei, na tena vuli, tangu Oktoba hata Desemba. Huko ugenini akingoja Machi ndipo apande mahindi, atakuwa amechelewa mno; kwa maana Dodoma ina msimu mmoja tu, uanzao mwisho wa Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Mahindi yake yatachipua vema, kisha yatakauka kabla ya kuzaa. Mtu huyu si mvivu. Kosa lake ni kuhama na kalenda ya kwao.

Sababu yake ni nini? Mvua kubwa hufuata mwendo wa jua. Jua likielekea kusini, mvua nazo hushuka. Likirudi kaskazini, nazo hurudi. Basi nchi zilizo karibu na Ikweta, kama pwani ya kaskazini ya Tanzania na sehemu nyingi za Kenya, hupitiwa mara mbili, na katikati huwa na kiangazi. Lakini Dodoma, Songea na Mtwara ziko mbali zaidi upande wa kusini. Huko mvua za kwenda na za kurudi huungana, zikawa msimu mmoja.

Milima nayo ina kazi yake. Kila upandapo mita 1,000, joto hupungua kadiri ya digrii 6. Tena upande upokeao upepo wa bahari hunyeshewa sana, na upande wa pili hunyimwa. Ndiyo maana Amani, katika Usambara, ni nchi ya misitu mibichi, bali Same, nyuma ya milima ya Upare, ni nchi kavu.

Mvua ya leo huitwa hali ya hewa. Desturi ya mvua ya miaka mingi huitwa tabia ya nchi. Wataalamu huitafuta desturi hiyo kwa vipimo vya miaka 30.

Habari hizo zapatikana wapi? Tanzania, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya masika, vuli na msimu; Kenya iko Idara ya Hali ya Hewa. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika hukutana na kutazamia mvua pamoja. Utabiri husomwa redioni, na afisa ugani aweza kuufafanua.

Lakini usikiapo “juu ya wastani,” fahamu kwamba ni wastani wa mahali pale. Tanga hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na Dodoma 600 hivi; mvua iliyo nyingi Dodoma ingeitwa ukame Tanga.

Wazee waulizwe pia, maana wameona mengi. Ila joto la dunia linazidi, na majira hayashiki tarehe kama zamani. Kwa hiyo maneno ya wazee na vipimo vya wataalamu yafaa viende pamoja. Basi, kabla hujafungua mfuko wa mbegu, uliza kwanza: mvua ya hapa huja lini, nayo hukaa muda gani?