Runinga ya Zamani, Kifaa Kipya: Jinsi ya Kuviunganisha Bila Kupoteza Pesa

Katika nyumba nyingi za Kithimani na maeneo mengine ya Yatta, runinga ya kioo kizito yenye mgongo mkubwa bado ipo sebuleni. Inawaka vizuri, rangi zake hazijafifia na sauti yake inasikika. Kisha kijana wa nyumba anarudi kutoka Thika au Nairobi na kifaa kidogo cha kuonyesha video za intaneti, anachungulia nyuma ya runinga, na kukuta hakuna tundu la kukichomeka. Ushauri unaofuata huwa ni mmoja: nunueni runinga mpya.

Ushauri huo si sahihi kila mara. Runinga nyingi za zamani zinaweza kuonyesha video za intaneti zikipewa kifaa cha kati kinachofaa, na bei ya kifaa hicho ni sehemu ndogo tu ya bei ya runinga mpya. Hasara huja pale mwananchi anapofika dukani bila kujua anachohitaji, akauziwa waya usiofaa, akarudi kununua mwingine, na mwishowe akatumia pesa mara mbili au tatu. Makala haya yanaeleza mambo ya kuangalia kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Runinga haikuharibika, mawimbi yalibadilika

Wakazi watakumbuka mwaka wa 2015. Chini ya makubaliano ya kimataifa yaliyofikiwa Geneva mwaka wa 2006, Kenya ilitakiwa kuacha kurusha matangazo ya runinga kwa mfumo wa analogi kufikia tarehe 17 Juni 2015. Mitambo ya analogi ilipoanza kuzimwa Februari mwaka huo, vituo kadhaa vikubwa vilitoweka hewani kwa zaidi ya wiki mbili, na watu wengi wakadhani runinga zao zimefika mwisho. Haikuwa hivyo. Runinga ileile iliendelea kufanya kazi mara tu ilipowekewa king'amuzi.

Sababu ni rahisi. Runinga ya zamani inaelewa mfumo wa analogi pekee. King'amuzi hupokea mawimbi ya dijitali kutoka kwenye antena, huyageuza kuwa analogi, kisha huipa runinga picha na sauti inazozielewa. Kifaa cha video za intaneti nacho kinahitaji mkalimani wa aina hiyo. Vifaa vingi vya kisasa hutoa picha kupitia tundu la HDMI, ambalo ni la dijitali. Runinga ya zamani haina tundu hilo.

Anayetaka tu taarifa za habari na vipindi vya vituo vya humu nchini hahitaji intaneti hata kidogo. King'amuzi cha vituo visivyolipiwa, chenye mfumo wa DVB-T2 unaotumika Kenya, pamoja na antena nzuri, kinamtosha. Ving'amuzi vingi vya aina hiyo vina matundu ya AV, hivyo huunganishwa na runinga ya zamani moja kwa moja. Maelezo yanayofuata ni ya anayetaka video za intaneti, kwa mfano mzazi anayetaka watoto wafuatilie masomo ya YouTube kwenye kioo kikubwa kuliko cha simu.

Anza nyuma ya runinga

Kabla ya kwenda dukani, geuza runinga na uangalie matundu yake. Angalia pia upande wa mbele, chini ya kioo, kwa sababu runinga nyingine zina matundu hapo yaliyofunikwa kwa kifuniko kidogo. Hali huwa mojawapo ya hizi tatu.

Ya kwanza, kuna matundu matatu ya mviringo yenye rangi ya manjano, nyeupe na nyekundu. Haya ndiyo matundu ya AV. La manjano hupokea picha, jeupe sauti ya kushoto na jekundu sauti ya kulia. Hakikisha yameandikwa IN, kwa kuwa yaliyoandikwa OUT hutoa picha badala ya kuipokea.

Ya pili, kuna matundu mawili tu, la manjano na jeupe. Runinga hiyo ina spika ya upande mmoja, lakini itafanya kazi. Pini nyekundu huachwa ikining'inia. Kifaa kikiwa na sehemu ya kuchagua sauti ya mono, ichague ili maneno yasipotee.

Ya tatu, kuna tundu moja tu la antena. Hapa kitahitajika kifaa kingine kinachoitwa moduleta, ambacho hugeuza picha na sauti kuwa mawimbi ya chaneli moja, nayo runinga hutafutiwa chaneli hiyo kama ilivyokuwa wakati wa analogi. Mwenye deki ya kanda za video ambayo bado inawaka anaweza kuitumia badala ya moduleta iwapo ina matundu ya AV IN na tundu la kupeleka mawimbi kwenye antena ya runinga.

Kigeuzi kinachofaa

Baada ya kujua matundu ya runinga, angalia matundu ya kifaa cha intaneti. Maboksi kadhaa ya TV yana tundu dogo la duara lililoandikwa AV, linalofanana na la spika za masikioni. Boksi la namna hiyo halihitaji kigeuzi. Linahitaji waya tu wenye pini ndogo upande mmoja na pini tatu za rangi upande wa pili. Waya hizi hazifanani zote. Picha isipotokea, jaribu kuchomeka pini nyekundu au nyeupe kwenye tundu la manjano kabla ya kuamua kwamba boksi ni bovu. Waya uliokuja na boksi lenyewe ndio wa kuaminika zaidi.

Kifaa kikiwa na HDMI pekee, hasa vile vidogo vinavyofanana na kijiti, kigeuzi ni lazima. Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa, na kuna makosa mawili ya kuepuka.

Kosa la kwanza ni kununua waya mtupu wenye HDMI upande mmoja na pini tatu za rangi upande wa pili. Waya huo hauna chochote ndani cha kugeuza dijitali kuwa analogi, hivyo hauwezi kufanya kazi kati ya kifaa cha intaneti na runinga ya zamani. Kigeuzi halisi huwa na kikasha kidogo chenye mitambo ndani, na huhitaji umeme wake kupitia waya wa USB.

Kosa la pili ni kununua kigeuzi kinachoelekea upande usiofaa. Vikasha hivi hufanana sana kwa sura. Kinachotakiwa ni cha kutoka HDMI kwenda AV, ambacho mara nyingi huandikwa HDMI2AV. Kilichoandikwa AV2HDMI hufanya kazi kinyume, yaani huunganisha deki ya zamani na runinga mpya. Soma maandishi kwenye kikasha chenyewe, si kwenye karatasi ya nje pekee.

Hatua za kuunganisha

Zima vifaa vyote kwanza. Chomeka kifaa cha intaneti kwenye upande wa HDMI wa kigeuzi. Unganisha kigeuzi na runinga kwa waya wa rangi tatu, kila pini kwenye tundu la rangi yake. Kipe kigeuzi umeme, na kifaa cha intaneti nacho umeme wake. Adapta iliyokuja na kifaa ndiyo salama zaidi, kwani adapta dhaifu ya simu hufanya kifaa kijizime na kujiwasha kila mara.

Kigeuzi huwa na swichi ndogo ubavuni yenye maandishi PAL na NTSC. Iweke kwenye PAL, mfumo uliotumika Kenya enzi za analogi na ambao runinga nyingi zilizouzwa humu nchini huuelewa.

Washa runinga, kisha bonyeza kitufe cha AV, TV/AV au INPUT kwenye rimoti. Rimoti ikiwa imepotea, tafuta kitufe hicho mbele ya runinga. Katika baadhi ya runinga, kurudi nyuma kupita chaneli ya kwanza hufikisha kwenye AV. Mwishowe unganisha kifaa na intaneti kwa Wi-Fi ya nyumbani au ya simu.

Picha ikikosa kuonekana

Picha ikitokea bila rangi, au ikipanda na kushuka, angalia swichi ya PAL na NTSC kwanza. Sauti ikisikika bila picha, hakikisha pini ya manjano iko mahali pake.

Kioo kikibaki cheusi kabisa, huenda kifaa kinatoa picha kubwa kuliko kigeuzi kinavyoweza kupokea. Vigeuzi vya bei nafuu kwa kawaida havipokei 4K. Omba runinga ya kisasa ya jirani kwa dakika chache, ingia kwenye mipangilio ya kifaa, na uchague 720p au 1080p.

Kuna pia programu za kulipia zinazokagua kinga ya hakimiliki kati ya kifaa na kioo. Baadhi hukataa kuonyesha filamu kupitia kigeuzi, ingawa YouTube inaonekana bila shida. Ndiyo maana ni vyema kumwomba muuzaji ajaribu kigeuzi dukani, kwa programu ileile itakayotumika nyumbani, na kukubaliana mapema kuhusu kurudisha bidhaa.

Okoa bando

Hapa runinga ya zamani ina faida ambayo wengi hawaifahamu. Picha ya mfumo wa PAL ina mistari 576 tu. Video ya 1080p ikipelekwa kwenye kioo hicho, sehemu kubwa ya mistari yake hutupwa njiani, lakini data yake yote imeshalipiwa.

Kwenye Netflix, kwa mfano, ubora wa kawaida hutumia takriban GB 1 kwa saa, na ubora wa HD hufika GB 3 kwa saa. Filamu ya saa mbili basi yaweza kula GB 2 au GB 6, na kwenye runinga ya zamani tofauti haitaonekana sana kwa macho. Kwenye YouTube, 480p inatosha. Ubora huu huchaguliwa ndani ya programu yenyewe. Kupunguza ukubwa wa picha kwenye mipangilio ya kifaa pekee hakupunguzi data kwa uhakika. Zima pia sehemu inayocheza video nyingine yenyewe baada ya ile ya kwanza kuisha, la sivyo bando litakwisha watu wakiwa wamelala.

Usalama

Usifungue runinga ya kioo kizito. Ndani yake umeme hufikia zaidi ya volti 20,000, na sehemu ya umeme huo yaweza kubaki hata baada ya plagi kutolewa ukutani. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye ujuzi. Wakati wa radi, katika mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba, chomoa antena pamoja na plagi za umeme.

Kuwa mwangalifu pia na maboksi yanayouzwa kwa ahadi ya kuonyesha chaneli za kulipia bila malipo. Kuonyesha matangazo hayo bila idhini ni kuvunja hakimiliki, na maboksi mengine ya bei nafuu yamewahi kupatikana yakiwa na programu hasidi tangu kiwandani. Usiweke taarifa za benki kwenye kifaa usichokiamini, na usimpe mtu wala kifaa nambari ya siri ya M-Pesa ili runinga ionyeshe picha.

Wakati wa kuiaga

Si kila runinga inafaa kuokolewa. Ikiwa ina tundu la antena pekee, jumla ya bei ya kigeuzi na moduleta yafaa kulinganishwa na bei ya runinga ndogo ya LED. Nyumba inayotumia sola inapaswa kukumbuka kwamba runinga ya kioo kizito hula umeme mwingi kuliko ya LED yenye ukubwa sawa. Maandishi ya vifaa vya kisasa pia huonekana madogo kwenye kioo cha inchi 14, jambo ambalo litamsumbua mwanafunzi anayesoma yaliyoandikwa ubaoni.

Runinga ikifika mwisho wake, isivunjwe wala kuchomwa, na isitupwe kwenye mfereji wa Yatta au kando yake. Kioo chake kina madini ya risasi, ambayo ni sumu, na maji ya mfereji huo huenda mashambani. Iondoe ikiwa nzima na uipeleke kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki walioidhinishwa.

Kwa wengine, kazi ya kwanza haigharimu chochote. Piga picha nyuma ya runinga kwa simu, piga nyingine ya matundu ya kifaa cha intaneti, na uende dukani na picha hizo mbili. Ukimwonyesha muuzaji, yeye na wewe mtakuwa mnazungumzia kitu kimoja.