Mbu wa Mchana Yumo Ndani ya Parseli

Mvua ikianza kunyesha Butembo, mashariki mwa Kongo, watoto hawakimbilii ndani. Kwanza wanapanga vyombo chini ya mabati: ndoo, sufuria, bidoni za manjano zilizokatwa shingo, na lile pipa kubwa ambalo halijahama pembeni mwa nyumba kwa miaka. Maji ya bomba hayafiki kila parseli katika mji huu wa vilima, na njia ya chemchemi ni mteremko ukienda, mlima ukirudi na mzigo mgongoni. Maji ya mvua ni mali. Hakuna mama atakayeyamwaga kwa sababu tu mgeni mwenye koti jeupe amemwambia kwamba ndani yake mna adui.

Na kweli adui yumo. Mbu aina ya Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, hana haja kubwa na dimbwi la matope wala mfereji unaonuka. Anatafuta maji yaliyotulia kivulini, hata yale tunayoyatunza kwa kupikia. Jike hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji. Maji yakipanda na kuyafikia, yanaanguliwa. Kukiwa na joto la kutosha, wiki moja au kupita kidogo inatosha yai kuwa mbu anayeruka. Maji yakikauka, mayai hayafi. Yanaweza kusubiri miezi. Kwa hiyo anayemwaga pipa bila kulisugua ameondoa maji na kuacha mbegu.

Mbu huyu huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, na haruki mbali. Wengi wao huishi na kufa ndani ya mita mia mbili hivi kutoka walipozaliwa. Aliyekuuma leo ametoka kwako au kwa jirani yako, na gari la kupuliza dawa likipita barabarani halifiki ndani ya pipa lililo nyuma ya jiko.

Ugonjwa wake mkuu ni dengi, na jina lenyewe wataalamu wengi wanalirudisha kwenye Kiswahili. James Christie, daktari aliyekuwa Unguja wakati wa mlipuko wa 1870, aliandika kwamba wenyeji waliuita kidinga pepo, na kwamba wazee walikumbuka homa kama hiyo ya mwaka 1823. Wapo wanaosema huenda aliyoiona ilikuwa chikungunya, ambayo nayo ina jina la Kimakonde lenye maana ya kujikunja kwa maumivu. Vyovyote iwavyo, homa hizi zimekaa Afrika Mashariki muda mrefu kiasi cha kupewa majina na babu zetu. Tanzania wanaiita kidingapopo, na mwaka 2019 iliwapata watu zaidi ya 6,000, wengi wao Dar es Salaam. Mombasa nayo imewahi kushikwa mara kadhaa. Sasa fikiria bidhaa za Butembo zinapita wapi: bandari ya Mombasa, Uganda, mpaka wa Kasindi, Beni, ndipo zifike madukani kwetu. Mayai ya Aedes yamezunguka dunia nzima ndani ya matairi makuukuu, na kirusi husafiri ndani ya damu ya mfanyabiashara anayerudi nyumbani na homa.

Kwetu homa hiyo ingeitwa malaria. Kila homa ni malaria mpaka ithibitike vingine, na vituo vingi vya afya havina kipimo cha dengi. Ndiyo maana naona hatari kusubiri mlipuko utangazwe. Butembo, karibu mita 1,800 juu ya bahari, ina baridi inayomchelewesha mbu kukua. Beni iko chini zaidi, na joto lake ni jingine. Ila kati ya miji hiyo miwili ni kilomita hamsini na kitu tu, na pikipiki hazilali.

Lakini nani atakayefungua pipa? Hilo ndilo swali kubwa kuliko la dawa, na miji hii miwili ina sababu ya kulijibu vizuri kuliko mingine, kwa kuwa imelilipia gharama.

Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, ikianzia Mangina, mji mdogo karibu na Beni. Hadi ilipokwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Chanjo ilikuwapo, fedha zilikuwapo, magari yalikuwapo kwa wingi ambao watu hawakuwahi kuuona. Imani ndiyo iliyokosekana. Watu wa Beni walikuwa wakizika ndugu zao waliochinjwa na makundi yenye silaha tangu Oktoba 2014, na wakiuliza kwa nini misafara hiyo haikuja wakati ule. Kisha Desemba 2018 waliambiwa kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura siku moja na nchi nzima, Ebola ikiwa mojawapo ya sababu. Watu wa Beni wakajipangia kura yao wenyewe barabarani, wakapanga foleni na kunawa mikono. Februari 2019 vituo vya matibabu ya Ebola vya Katwa na Butembo vilichomwa moto. Tarehe 19 Aprili mwaka huo Dk. Richard Mouzoko, daktari kutoka Kameruni aliyekuja kutusaidia, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya chuo kikuu cha Graben, Butembo. Deni la damu yake bado tunalo.

Katikati ya msiba huo, mwishoni mwa Novemba 2018, jambo moja lilifanyika Beni ambalo halikumbukwi vya kutosha. Malaria ilikuwa imepanda sana, na hadi nusu ya waliofikishwa kwenye vituo vya Ebola walikutwa na malaria peke yake. Kampeni ya siku nne ikaandaliwa, ikilenga watu hadi 450,000: watoa huduma wakapita nyumba kwa nyumba wakigawa dawa na vyandarua, katika mji ule ule uliokuwa ukiyatilia mashaka magari ya misafara. Chandarua hakimzuii sana mbu wa mchana, ingawa kinafaa kumfunika mgonjwa wa dengi anapolala, ili mbu asimfyonze akapeleka kirusi kwa mwingine. Somo lake kwangu ni la hodi: mtu anayekuja kwa miguu, mlangoni, kwa jambo ambalo mwenye nyumba mwenyewe analilalamikia, ana nafasi ya kusikilizwa.

Dar es Salaam walilijaribu somo hilo kwa njia yao. Kuanzia 2004 mpango wa malaria wa mji ule uliwatumia wakazi wa mitaa kusaka mazalia ya mbu, wakigawana maeneo kwa nyumba kumi kumi, na baadaye kutia dawa ya kuua viluwiluwi majini. Malaria ilipungua kwenye kata zilizotiwa dawa. Kikwazo kimojawapo kilikuwa ua uliozungushiwa uzio, ambako msakaji hakuingia kirahisi. Mlango tena.

Huko Managua, Nikaragua, na jimbo la Guerrero, Meksiko, mlango ulifunguliwa kwa namna nyingine. Wakazi walioneshwa viluwiluwi vilivyotoka kwenye mapipa yao wenyewe, wakapewa matokeo ya vipimo vya watoto wao, kisha kila mtaa ukaachiwa uamue wenyewe la kufanya. Matokeo yaliyochapishwa 2015 yalionesha maambukizi ya dengi kwa watoto yakipungua kwa karibu theluthi moja kuliko mitaa mingine. Mwenye pipa akishaona kwa macho yake viluwiluwi vikipinda ndani ya glasi ya maji yake, hahitaji tena hotuba.

Sisi tuna salongo, kazi ya pamoja ya usafi. Tunafagia barabara, tunazibua mifereji, na hilo ni jema, lakini mbu wa dengi tunamwacha nyuma ya nyumba. Ningetaka kila salongo iwe na nusu saa ya ndani: mama mwenye parseli anafungua mwenyewe, rekoo, yaani mhamasishaji wa afya wa kujitolea, anayejulikana kwenye avenyu hiyo anaangalia pamoja naye, pipa linasuguliwa kwa brashi na kufunikwa kwa kitambaa kilichokazwa kamba. Wakague pia matairi ya karakana, makopo ya rangi, vyombo vya maua kanisani, na vipande vya chupa vilivyopandwa juu ya kuta. Familia zilizopokea wakimbizi wa vita zinahitaji bidoni nyingi kuliko wengine. Wao wapewe vifuniko, si lawama.

Nawaomba mameya wa Beni na Butembo wawalipe marekoo. Wamezunguka kwa miguu miaka mingi kwa fulana na asante. Na wewe msomaji, mtu wako akipata homa kali na maumivu nyuma ya macho, kipimo cha malaria kikakosa kitu, usimpe aspirini wala ibuprofeni, zinaweza kuongeza kutokwa damu. Mpe parasetamoli na maji mengi. Akianza kuumwa sana tumbo, kutapika bila kukoma au kutoka damu kwenye fizi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.