Je, Wajua? Mukwa, Kuni na Shingo ya Mama

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliowastaajabisha wengi: wanawake wa Kikuyu na Kijaluo waliweza kubeba mzigo wa asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia nguvu zaidi ya wanapotembea mikono mitupu. Wakikuyu hutumia mukwa, ukanda unaopita kichwani na kushika kuni mgongoni.

Hata hivyo, shingo ya mama anayebeba mizigo hivyo inaweza kukakamaa. Mtaalamu wa fiziotherapia wa Nyeri au Karatina humtazama kwanza mama akiinama na kugeuza kichwa. Kisha humfundisha kurudisha kidevu nyuma polepole, ashikilie kidogo, aachie, arudie. Asilale tu kitandani siku nyingi, kwani hilo hudhoofisha misuli. Mikono ikifa ganzi, aende hospitali mapema.