Panya wa maabara na fumbo la maumivu ya viungo
Na Mwandishi Wetu, Songea

MAUMIVU ya viungo yasiyokwisha, ambayo wengi mkoani Ruvuma huyahusisha na uzee au kazi ya jembe, huweza pia kusababishwa na virusi.

Mfano hauko mbali. Msafiri atokaye Songea kupitia Tunduru na Masasi hufika Newala, ambako mwaka 1952 ulizuka ugonjwa uliowakunja watu kwa maumivu. Jina lake, chikungunya, ni la Kimakonde, likimaanisha kupinda.

Damu ya wagonjwa ilidungwa kwa vichanga vya panya, ndipo mwaka 1953 virusi hivyo vikapatikana.

Tangu hapo panya hajaachwa. Watafiti humdunga virusi unyayoni, mguu ukavimba ndani ya wiki moja, wakaona jinsi chembe za kinga zinavyomiminika kiungoni na kukidhuru. Kwa nyani aina ya makaku, virusi vimekutwa ndani ya chembe hizo hata baada ya kutoweka katika damu.

Lakini hapo ndipo penye utata. Uvimbe wa panya huisha kwa wiki mbili hivi, ilhali binadamu huweza kuteseka miezi, hata miaka. Wala panya hasemi anapoumwa. Mtafiti hukisia kwa kumtazama anavyokanyaga.

Hadi sasa hakuna dawa ya kuua virusi hivyo. Mgonjwa hupewa parasetamoli, na aspirini huepukwa hadi ithibitike kuwa hana homa ya dengue.