Utangulizi: Jioni, Mawazo na Usingizi

Fani hii inachunguza mambo ambayo kila mtu huyafanya bila kufundishwa: kupumzika, kuwaza na kulala. Swali letu kuu ni hili: watu wawili wana shida ileile, tuseme ada ya shule haijapatikana, kwa nini mmoja analala na mwenzake anakesha?

Tunaanza na mwili. Mwaka 1982 Alexander Borbély, mtafiti wa Zürich, alieleza kwamba usingizi unaongozwa na mambo mawili: haja ya kulala, inayozidi kadiri mtu anavyokaa macho, na saa ya mwili inayofuata usiku na mchana. Maelezo hayo bado ni msingi wetu. Ila mtu anaweza kuchoka hasa, giza likaingia, na usingizi usije.

Hapo ndipo tunapowahitaji Richard Lazarus na Susan Folkman. Mwaka 1984 walitofautisha njia mbili za kukabiliana na msongo: kuishughulikia shida yenyewe, na kuzituliza hisia inazozileta. Hakuna iliyo bora wakati wote. Kwenda kumwona mwalimu mkuu kuhusu ada kuna maana saa nne asubuhi. Saa sita usiku ofisi imefungwa, na anayeendelea kubishana naye kichwani anajichosha bure. Susan Nolen-Hoeksema wa Marekani alitumia miaka mingi kuonyesha kuwa kulirudiarudia jambo akilini bila kufikia hatua yoyote hurefusha huzuni. Kinyume chake, katika jaribio la Michael Scullin na wenzake lililochapishwa mwaka 2018, vijana walioandika kwa dakika tano kazi zinazowangoja walipata usingizi mapema kuliko walioandika kazi walizokwisha kumaliza. Wazo likishawekwa kwenye karatasi, halidai tena kukumbukwa.

Na burudani je? Sabine Sonnentag na Charlotte Fritz, mwaka 2007, walitaja mambo manne yanayomrudishia mtu nguvu baada ya kazi: kuiacha kazi kimawazo, kutulia, kujipima katika jambo linalotaka ustadi, na kujipangia muda wake mwenyewe. Tazama bao la kete pale barazani. Mchezaji anaanza na kete 22 za akiba. Katika namua, yaani hatua ya kuingiza kete hizo ubaoni, kabla hajaingiza hata moja, anapima atakula wapi, kete zitaishia shimo lipi, na nyumba yake, lile shimo lenye kete nyingi, aivunje au aiache. Kichwa kilichomo katika hesabu hiyo hakina nafasi ya deni. Jirani aliyejifungia chumbani na simu naye anasema anapumzika, na huenda ni kweli. Lakini kama anaikimbia ile ada, akizima simu ataikuta palepale. Hata bao linaweza kuwa maficho, kwa anayelicheza ili asirudi nyumbani. Ndiyo maana siridhiki na tafiti zinazohesabu saa za burudani bila kuuliza mtu alifuata nini.

Kuhusu kukosa usingizi, wengi hulaumu taa za umeme. Mwaka 2015 Gandhi Yetish, Jerome Siegel na wenzao walichapisha vipimo vya usingizi wa Wahadza wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu wasiotegemea umeme. Kwa wastani walilala kati ya saa 5.7 na 7.1, na hawakulala mara jua lilipozama. Walikaa macho kama saa tatu zaidi. Hata hivyo, wachache mno walilalamika kukosa usingizi. Saa hizo tatu zinanivutia sana. Polly Wiessner, aliyewasikiliza Wajuhoansi wa kusini mwa Afrika, aliripoti mwaka 2014 kwamba mazungumzo ya mchana yalitawaliwa na riziki na malalamiko, ilhali kando ya moto usiku asilimia 81 yalikuwa hadithi. Hakupima usingizi. Anayetaka mada ya utafiti, hiyo hapo.

Njia ya kutoka jioni hadi usingizi pia hurudi nyuma: aliyekosa usingizi huamka na kinyongo, huacha kwenda barazani, na kadiri mambo ya kumfurahisha yanavyopungua ndivyo huzuni inavyozidi. Peter Lewinsohn alilieleza hilo la mwisho tangu miaka ya 1970.

Tafiti nyingi mtakazosoma zilifanywa kwa wanafunzi wa vyuo na wafanyakazi wa ofisini, watu wenye jioni. Mama ntilie anayeosha masufuria hadi saa nne usiku na kuwasha jiko saa kumi alfajiri hana jioni ya kupimwa kwa madodoso ya tafiti hizo. Naomba mumuulize yeye kwanza.