Kicheko katika Vitabu vya Mambo Mazito



Kuna watu wanaofikiri kwamba kicheko na mambo mazito haviwezi kukaa katika kitabu kimoja. Wanapofungua hadisi inayosimulia mateso, wanakunja uso tangu ukurasa wa kwanza, sawa na watu walio kwenye maziko. Pahali mwandishi anapowachekesha, wanaona haya, ao wanaruka mistari ile. Halafu saa ya mapumziko wanafungua telefone, na humo wanacheka kila kitu pasipo kuuliza neno.

Tunataka kueleza hapa kwamba kicheko katika kitabu cha mambo mazito ni mulango wa kuingilia ndani ya maana yake. Tena yule aliyejifunza kucheka vizuri mbele ya kitabu atajua vilevile kuchagua kicheko chake mbele ya telefone.

I. Mafundisho tuliyoyapokea

Mutakatifu Tomasi wa Akwino aliandika juu ya jambo hili katika Summa yake, Secunda Secundae, ulizo la 168. Anamufuata Aristotele na kutumia jina la Kiyunani, eutrapelia, maana yake fazila ya mutu anayejua kufanya mizaha kwa kiasi. Roho inachoka kama vile mwili unavyochoka, na inapashwa kupumzika. Lakini Tomasi anatia mipaka mitatu: mizaha isiwe ya maneno machafu ao ya kudhuru; mutu asipoteze utulivu wa roho yake; mizaha ilingane na watu, na wakati, na pahali. Kisha, katika artikulo ya nne, anaongeza neno ambalo wengi wanalisahau: yule asiyependa mizaha hata kidogo, na kuwalemea wenzake kwa uso wake mukali, huyo naye ana kosa.

Maandiko Matakatifu yenyewe hayaogopi kicheko. Sara alicheka aliposikia kwamba atazaa katika uzee wake, na mutoto akaitwa Isaka, jina lenye maana ya kucheka. Katika kitabu cha Yona, nabii anamukimbia Mungu kwa mashua. Watu wa Ninawi wanatubu, hata nyama wao wanavikwa magunia. Halafu nabii mwenyewe anakasirika kwa ajili ya mumea ulionyauka, wala hauhurumii muji muzima. Anayesoma Yona bila kucheka hajafahamu kitabu. Anayecheka tu, asisikie ulizo la Mungu kule mwishoni, huyo naye hajakifahamu.

Na karibuni, tarehe 17 Julai 2024, Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliandika barua juu ya kazi ya vitabu vya hadisi na mashairi katika malezi. Alianza kwa kuwaza juu ya malezi ya mapadri, kisha akaona kwamba yafaa aseme na wakristu wote. Yeye mwenyewe alipokuwa kijana alifundisha masomo hayo huko Santa Fe, katika Arjentina. Basi, kusoma hadisi katika seminari si kupoteza wakati. Lakini tujue kusoma.

II. Mufano mumoja: muzee Meka

Tuchukue kitabu kimoja, tukitazame polepole. Ferdinand Oyono, mwandishi wa Kameruni aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki mwaka 2010, alitoa vitabu viwili katika mwaka 1956. Kimoja kinaitwa Le vieux nègre et la médaille, yaani muzee mweusi na medali.

Habari yake ni ya huzuni. Meka ni muzee mukristu. Ametoa udongo wake kwa misioni. Watoto wake wawili walikwenda kupigana vita vya Wafaransa, wakafa huko. Sasa wakubwa wanataka kumushukuru: siku ya 14 Julai, sikukuu ya Ufaransa, mukubwa wa Wazungu atamutia medali kifuani mbele ya watu wote.

Mwandishi mwingine angaliandika kurasa nyingi za kilio. Oyono anamusimamisha Meka juani, ndani ya duara iliyochorwa kwa chokaa, na kumuacha angoje. Miguu ya muzee haikuzoea viatu. Viatu vya ngozi vinamubana hata jasho linatoka. Tena anashikwa na haja ndogo, wala hana ruhusa ya kutoka katika duara. Anauma meno, anamuomba Mungu amupe nguvu ya kuvumilia. Na sisi wasomaji tunacheka.

III. Kicheko kile kinatufundisha nini?

Kwanza, mwili wa Meka unasema ukweli ambao midomo ya wakubwa inauficha. Wanasema wanamuheshimu, lakini hakuna aliyekumbuka kumupa kiti wala kivuli. Duara ya heshima inafanana na gereza. Oyono hana haja ya kutueleza neno hili kwa hotuba: viatu vinalisema. Tunacheka, na mara moja tunajiuliza: lakini heshima hii ni ya namna gani?

Pili, Meka anashika maneno kama yalivyosemwa. Kisha medali, wakubwa wanatoa hotuba juu ya urafiki wa weupe na weusi. Meka anasimama na kumukaribisha mukubwa nyumbani kwake waje kula mbuzi pamoja. Kwetu Afrika rafiki anakula kwa rafiki yake. Kuna nini hapo? Wanamushukuru kwa maneno matamu, lakini mugeni haendi. Mutu wa moyo mweupe, akiamini neno la mukubwa, anapima neno lile bila kujua. Mwenzake Oyono, Mongo Beti, anafanya vivyo hivyo katika Le Pauvre Christ de Bomba, kitabu cha mwaka ule ule wa 1956: anayesimulia ni kijana Denis, mutumishi wa padri, asiyefahamu yote anayoyaona. Yeye anasimulia bila ubaya, na musomaji anaona kupita yeye.

Tatu, kuna kicheko cha wale wanaoteseka wenyewe. Usiku ule Meka, aliyelewa, analala. Zoruba inakuja, medali inapotea. Askari wanamukuta katika mutaa wa Wazungu, wanamupiga na kumutia gerezani. Muzee aliyevikwa medali muchana, usiku hakuna anayemujua. Anaporudi nyumbani, ndugu wanakusanyika na kulia. Ndipo mumoja anasema: laiti Meka angalikwenda bila koti, amevaa nguo ya wazee tu kiunoni, mukubwa wa Wazungu angalipashwa kuinama mpaka chini apate pahali pa kutungika medali yake! Na wote, pamoja na Meka, wanacheka.

Watu hawa hawakusahau watoto waliokufa wala udongo uliokwenda. Lakini kwa neno moja wamemuinamisha yule aliyesimama juu yao. Ndani ya kicheko chao mna uchungu, na mukristu ataona kwamba tumaini halijakamilika pale. Hata hivyo, yule aliyewasoma watu hawa mpaka hapo anajua juu yao jambo ambalo hesabu ya kodi na ripoti ya mukubwa hazingemufundisha.

Tuseme tena neno moja lisilo tamu kwetu. Katika vitabu hivi viwili mapadri na wakatekista wanachekwa vilevile. Padri anayesoma asikasirike upesi. Ajiulize kwanza: je, misioni iliyopokea udongo wa Meka ilimukumbuka siku aliyosimama juani? Kitabu kinachotucheka sisi wenyewe kinaweza kutufaa kwa kutafuta zamiri, kama tukikubali kukisoma mpaka mwisho.

IV. Kicheko cha telefone

Sasa tuwaze jambo hili. Tuseme kwamba siku ile ya 14 Julai kijana mumoja alikuwapo na telefone mukononi. Anachukua picha za dakika moja: muzee mweusi katika koti, anasimama juani, anageuka huku na huku, uso umekunjamana, anabana mapaja. Kijana anaandika chini neno la kuchekesha, anatuma katika WhatsApp. Kabla ya jioni muji muzima umecheka.

Muzee ni yule yule, viatu ni vile vile. Lakini anayecheka hajui udongo, hajui watoto waliokufa, hajui duara ya chokaa ilichorwa na nani. Katika kitabu tulikaa na Meka siku nyingi mbele ya kumucheka. Tulijua jina la muke wake, Kelara, na tulimuona akilia. Kwa sababu hiyo kicheko chetu kilimugeukia aliyechora duara. Katika telefone kicheko kinamuangukia muzee peke yake.

Ndugu, hatusemi kwamba kicheko cha telefone ni kibaya chote. Kila Mukongomani anajua «article 15», sheria isiyoandikwa inayosema: ujitafutie mwenyewe. Ni muzaha wa miaka mingi, nao ni wa namna moja na ule wa ndugu za Meka: watu wanajicheka wenyewe kusudi shida isiwameze. Leo muzaha ule unaishi katika telefone, pamoja na mingine juu ya umeme unaokatika na barabara zenye mashimo. Anayeicheka ni yule yule aliyekaa gizani. Padri ao katekista anayeisikiliza vizuri atajua watu wake wanalemewa na nini.

Lakini kuna picha nyingine tunazozipokea: mama aliyeanguka katika matope na beseni yake, katekista muzee aliyekosea kusoma jina gumu katika Barua ya Mutakatifu Paulo, mugonjwa wa akili anayecheza njiani. Hao hawakujicheka wenyewe. Hatuwajui, wala hawakutupa ruhusa. Mipaka mitatu ya Mutakatifu Tomasi inatosha hapa: muzaha huu unadhuru, haufai kwa mutu yule, wala si wakati wake.

V. Maulizo ya kujisaidia

Mutu akitaka kujua kama kicheko chake ni cha haki, mbele ya kitabu ao mbele ya telefone, ajiulize maulizo matatu.

1. Ninamucheka nani: aliyechora duara, ao aliyesimama ndani yake?

2. Ninajua nini juu yake? Kama sijui neno, ninamucheka mutu, ao kivuli chake tu?

3. Kama angalikuwa hapa pamoja nasi, angaliweza kucheka nasi?

Walimu wa seminari wanaweza kuwapa wanafunzi wao kurasa chache za Oyono na kuwaambia waonyeshe kila pahali walipocheka, kisha waeleze sababu. Zoezi hili linafundisha kusoma, na linafundisha vilevile kusikiliza: maana padri atakutana na akina Meka wengi, wenye viatu vinavyobana, wanaojificha nyuma ya mizaha. Na mukatekista anayependa kuchekesha katika mafundisho yake, afanye hivyo, ni vema. Lakini asimuchague kamwe mutu mumoja aliyekaa mbele yake, hasa kama ni masikini.

Na yule aliyepokea picha ya katekista muzee asiitume kwa wengine. Jumapili inayokuja aende kukaa karibu naye, amusomee lile jina gumu polepole mbele ya Misa. Kama muzee akicheka, basi wacheke wote wawili.